Aliyechorwa Mwisho

Neno la kwanza alilotamka duniani halikuwa mama wala baba. Lilikuwa hapana. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa anamvisha soksi, mtoto akavuta mguu, akamkazia macho na kulitamka neno lile waziwazi, kama karani anayemwambia mtu kwamba dirisha limeshafungwa. Tangu siku hiyo jina la kwenye cheti cha kuzaliwa likabaki kwenye cheti. Mtaa ukamwita Hapana, na mama yake akawa Mama Hapana, jina ambalo mpaka leo limeandikwa kwa rangi ya bluu juu ya mlango wa chumba chake cha kushonea.

Wako watu ambao ubishi wao ni wa mdomo tu. Huyu alibisha mpaka aone mwisho wa jambo. Alipokuwa shule ya msingi, mwalimu wa lugha alisema, "Maji yakimwagika," darasa zima likaitikia, "Hayazoleki!" isipokuwa sauti moja ya nyuma iliyosema, "Yanazoleka, Mwalimu, ila ni kazi." Mwalimu akamtoa nje asimame juani mpaka abadili mawazo. Akasimama mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Ningekuwa mimi mwalimu yule ningemwita ndani nimuulize kazi yenyewe ni ya kiasi gani, maana swali hilo ndilo lililokuja kuyala maisha yake. Lakini mwalimu yule hakuwa mtu wa utani.

Alipokua akawa mwalimu wa fizikia wa sekondari, mwanamke mrefu, mwenye chaki kwenye mikunjo ya vidole hata siku za mapumziko. Kila alipopata nafasi alivuka mji kwenda chuo kikuu, alikokuwa akisomea shahada ya uzamivu. Umri ulikuwa umesogea. Idara ilipoulizwa kama itampokea, wengi walisema huyu amechelewa, na mtu mmoja tu, Profesa mzee mwenye kofia ya kitambaa, akasema mleteni kwangu. Hilo Hapana hakulisahau, na ninaomba na wewe usilisahau, kwa sababu mbele tutakuja kumkasirikia Profesa huyu.

Alichosomea ni mashimo meusi ya angani. Jirani yao, muuza mitungi ya gesi, alipolisikia hilo alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Mama Hapana, mwanao anasomea mashimo? Si angeanza na haya ya barabara yetu?"

"Pilipili usiyoila yakuwashia nini?" Mama Hapana akamjibu, mguu ukiwa bado kwenye kanyagio la cherehani. Lakini jirani alipoondoka, naye akamgeukia bintiye. "Hebu nieleze tena. Hilo shimo lina nini hasa?"

"Ni nyota iliyojiporomokea yenyewe, Mama. Ikajibana mpaka kinachoingia humo hakirudi, hata mwanga."

"Basi kilichoingia kimepotea. Mambo yamekwisha."

"Hapana. Shimo lenyewe linavuja. Linatoa joto kidogo kidogo, miaka na miaka isiyosemeka, mpaka linakwisha. Ukitupa barua humo, kila neno la ile barua litatoka kwenye lile joto. Ila litakuwa limevurugwa na kutawanywa."

Mama akakata uzi kwa meno. "Kama mtu achambue shati uzi mmoja mmoja, aniletee fungu la nyuzi, aniulize mfukoni palikuwa pamedariziwa nini."

"Hivyo hivyo. Nyuzi zote zipo. Sisi tunauliza tu, kuzirudisha mahali pake ni kazi ya muda gani?"

"Ya maisha," akasema mama yake, akarudi kwenye pindo lake.

Profesa alikuwa na jibu la kutisha zaidi ya hilo, na jibu hilo ndilo lililompa jina. Alionyesha kwa hesabu kwamba kazi ya kuipanga upya habari iliyovuja shimoni inaongezeka maradufu kwa kila chembe moja ya habari inayoongezwa. Hata ukipewa kompyuta ya kwanta, inayofanya kazi kwa sheria za chembe ndogo kabisa, isiyochoka wala kukosea, shimo litakwisha kuyeyuka nawe hujamaliza hata mstari wa kwanza. Na ilikuwa lazima iwe hivyo, alisema. Katika ulimwengu wa kwanta hakuna nakala: kitu kimoja hakiwezi kuwa viwili. Kama msomaji angeweza kuisoma ile barua nje mapema, kisha akajitosa shimoni na kuikuta tena ndani, basi barua moja ingekuwa mbili na sheria yote ingeanguka. Kwa hiyo ugumu wa hesabu ndio mlinzi. Maumbile yameficha aibu yake nyuma ya hesabu isiyomalizika. Hoja hiyo waliiita Ukuta.

Tasnifu ya Hapana ilijengwa juu ya Ukuta huo. Sura ya nne, iliyokuwa ndefu kuliko zote na iliyomgharimu miaka, iliupima kwa kila aina ya shimo, ikaonyesha kwamba popote ulipo hauna pa kupenya. Tarehe ya kuitetea mbele ya jopo ilishapangwa. Mkuu wa shule alishamwambia kwamba akirudi daktari, idara ya sayansi ni yake. Na Mama Hapana alishalishona joho, jekundu lenye mikono myeusi kama la chuo lilivyo, amebakiza vifungo tu.

Sasa njoo uone balaa linavyoingia mlangoni bila kupiga hodi.

Darasa lake la mwaka wa mwisho lilikuwa na ubao wa mbao uliopata unyevu kutoka kwenye paa linalovuja. Upande wa kulia wote ulikuwa umevimba na kubanduka, chaki ikigusa pale inateleza tu, na mtu fulani mwenye ucheshi alikuwa amebandika karatasi: USIANDIKE HAPA. Siku hiyo wanafunzi walikuwa wamembembeleza awaambie anachosomea huko chuoni. Akachukua chaki kuwachorea. Chuoni, kwenye kikundi cha Profesa, mchoro ulikuwa mmoja tu, kila mtu aliurithi kama alivyorithi kiti chake: shimo kushoto, mishale ya joto katikati, na mwisho kabisa upande wa kulia, kijimtu cha vijiti chenye kichwa kikubwa, msomaji, anayengoja kuipokea ile mishale.

Kulia hapakuwa na pa kuandikia. Basi akamchora msomaji kwanza, kushoto, kisha akasogea achore shimo. Alipogeuka kuwaeleza wanafunzi akamwona yule kijimtu amesimama peke yake, shimo bado halijachorwa hata nusu.

"Anasubiri," akasema kwa sauti, akiwaelekea wanafunzi bila kuwaona. Kisha akasema, "Hapana. Hasubiri. Anajiandaa."

Aliwaambia wafungue vitabu, popote wapendapo, akakaa juu ya meza. Miaka yote ile, watu wazima wenye shahada za kutundika ukutani walikuwa wamemchora msomaji mwisho, na kwa kuwa alichorwa mwisho, wakamhesabia kwamba ameanza mwisho. Saa ya kazi yake ilianza kupigwa pale joto linapomfikia mkononi. Nani alisema? Si maumbile. Hakuna sheria inayomkataza mtu kuanza kabla. Mtu anaweza kulitengeneza shimo yeye mwenyewe, kwa vitu alivyokwisha kuvifungamanisha na vingine alivyobaki navyo mkononi, hali ya hiki ikifuata hali ya kile, ile kazi ngumu akaimaliza kwanza, kwa raha zake, hata kama ni miaka isiyo na idadi. Kisha ndipo alifanye shimo. Joto likianza kutoka, yeye yuko tayari. Ukuta ulikuwa na mlango, na mlango haukuwa hata na komeo.

Juma zima alijitafutia kosa. Sijawahi kumwona mtu akiomba awe mjinga kama Hapana alivyoomba siku zile. Alifuta, akaanza upya, akafuta, na kila alipofika mwisho mlango ulikuwa pale pale. Sura ya nne ilikuwa ya uongo, si kwa hila ya mtu, ni kwa mazoea ya mkono. Na yeye peke yake ndiye aliyejua.

Akampelekea Profesa, kama adabu inavyotaka, kabla ya mtu mwingine yeyote. Profesa alikuwa anastaafu mwishoni mwa muhula, na vitabu vyake vilishaanza kuingia kwenye maboksi. Alizisoma zile karatasi akiwa amesimama karibu na dirisha, akazirudia, kisha akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Ni jambo dogo," akasema.

"Si dogo, Profesa."

"Kaa chini, binti yangu. Usitukane mamba kabla hujavuka mto. Vuka kwanza. Ukishaitwa daktari tutaandika pamoja, taratibu, kwamba ipo hali fulani ya pekee ambayo haikuangaliwa."

"Na sura ya nne?"

"Sura ya nne ipite."

"Nitasimama pale kuitetea nikijua si kweli?"

"Kila anayesimama pale kuna kitu anakijua," Profesa akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo iliyomuumiza Hapana zaidi. "Mimi nimekupigania. Nimebakiwa na miezi. Ukuta ni kazi ya maisha yangu. Nakuomba, ngoja tu niondoke."

Hapana alitamani kusema ndiyo. Niseme wazi, alimpenda mzee yule kama baba, na mbele ya maboksi yale alitamani kulimeza lile neno lake la utotoni. Lakini lilishamtoka.

"Hapana, Profesa."

"Basi utasimama peke yako," mzee akasema, akageuka kuendelea kufunga maboksi.

Ukumbi wa utetezi ulikuwa na viti vya mbao vinavyolia ukijitingisha. Mbele walikaa wanajopo: mwenyekiti, Profesa, na mtahini wa nje, mama mmoja mfupi aliyekuja na mto wake wa kukalia. Nyuma kabisa alikaa Mama Hapana, mfuko wenye joho uko mapajani, vifungo vimeshakamilika.

Chuo kile kina desturi yake. Kabla ya yote, mwenyekiti huuliza: je, kuna jambo lolote katika tasnifu hii ambalo mtahiniwa angependa kulibadilisha? Ni swali la adabu tu. Watu wote hujibu hapana, kazi ikaendelea. Idarani ulikuwa utani wa siku nyingi, na Profesa mwenyewe ndiye aliyeuanzisha, kwamba huyu ni mwanafunzi pekee aliyezaliwa na jibu mdomoni. Mama Hapana alishasimuliwa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti akitabasamu, anangoja kulisikia neno lile lililomtesa tangu soksi, safari hii likiwa ndilo linalotakiwa.

Mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo," akasema Hapana.

Mwenyekiti alishaanza kusoma mstari unaofuata. Akakatisha kusoma. "Umesema?"

"Nimesema ndiyo. Sura ya nne si kweli. Naomba niwaonyeshe."

Akaenda ubaoni na kumchora msomaji kushoto, peke yake, kabla ya kitu kingine chochote. Hakufika kwenye shimo, Profesa akaingilia kati. "Mtahiniwa achore kama alivyoandika."

"Nilivyoandika ndivyo nilivyokosea, Profesa. Na nilikosea kwa kunakili."

Ukumbi ukalia wote kwa wakati mmoja, maana kila mtu alijitingisha kitini. Hapana akaendelea. Chaki ikakatika, akaokota kipande, akaendelea nacho. Mtahini wa nje alimhoji kwa ukali, akarudi nyuma kwenye mto wake, akaandika, akahoji tena.

Wanajopo walitoka, wakakaa huko, wakarudi. Mwenyekiti alikuwa mtu wa taratibu. Alisema hawawezi kumpa mtu shahada kwa andiko ambalo mwenye andiko anasema ni la uongo. Ila, alisema, wamekubaliana kumsaidia. Kama atayaondoa maneno aliyoyasema leo, na kuyahesabu kuwa ni mawazo ya utafiti wa baadaye, utetezi unaweza kuanza upya sasa hivi, na yeye haoni kwa nini usiishe vizuri.

Wote wakamtazama. Mpaka mlinzi wa mlangoni alikuwa amechungulia.

"Hapana," akasema. Na hilo, kila mtu alilitambua, lilikuwa lile lile la siku zote.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mama na binti, mfuko ukipigapiga goti la mama. Waliingia chumba cha kushonea, mama akafunga mlango.

"Hilo kosa," akasema, "ungeweza kulipita bila mtu kujua?"

"Ningeweza, Mama."

"Mimi ningelipita." Mama Hapana akaketi kwenye kiti cha cherehani. "Usidhani nitakusifu. Ningelipita, nikavaa joho langu, nikapiga picha, kosa nikalirudia baadaye kama nguo inayorudiwa pasi. Umeniaibisha. Nimekaa pale na mfuko kama mchuuzi aliyekosea nyumba." Kisha akalia, na Hapana akalia naye, kwa sababu miaka ile yote ilikuwa ya kweli na sasa haikuwa na chochote cha kuonyesha.

Asubuhi yake muuza gesi alikuwa wa kwanza mlangoni. Habari mbaya haina breki.

"Poleni, Mama Hapana. Tumesikia mtoto kafeli."

Mama Hapana alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini. Akainuka, akaufungua mfuko, akalitoa lile joho jekundu, akalivaa juu ya gauni lake la kazi. Lilimburuta chini, maana lilishonwa kwa ajili ya mtu mrefu. Akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akarudi kuketi.

"Hajafeli," akasema. "Amekataa. Wewe ulishawahi kukataa nini, zaidi ya kurudisha chenji?"

Na hakulivua. Kila siku alilivaa akiwa kazini, likajaa chaki ya nguo na vipande vya nyuzi. Wateja waliuliza. Wengine aliwaambia analipima urefu, wengine aliwaambia ni baridi, na jua linawaka. Mtu akithubutu kucheka alisimamishwa kupimwa suruali kwa pini zisizo na huruma. Ndani kwa ndani alikuwa bado ana hasira na bintiye, lakini hasira ya nyumbani ni ya nyumbani. Mtaa haukuwa na fungu lake humo.

Shuleni idara ya sayansi alipewa mwalimu wa kemia. Hapana alimpongeza, akaenda kusimama nyuma ya maktaba mpaka uso ukapoa. Lakini jioni alirudi kwenye mlango ule wa Ukuta. Alishaufungua, sasa alitaka kujua unaelekea wapi. Maji yamemwagika, alijiambia, basi tuzoe.

Muhula uliisha, mwingine ukaanza. Mchana mmoja, wanafunzi wakiwa wamekwisha kutawanyika, Profesa alitokea kwenye mlango wa darasa lake, kofia mkononi, viatu vimejaa vumbi. Hapana aliinuka haraka.

"Karibu, Profesa. Karibu sana."

"Usinikaribishe. Nimekuja kukuvunja," mzee akasema. Akaokota chaki.

Hakuwa anatania. Tangu astaafu hakufanya kingine ila kuutafutia mlango ule komeo. Alichora na kueleza kwa ukali ule wa zamani, na Hapana akasimama kando yake kumjibu. Mzee alisema anayeanza mapema hawezi kujua shimo litakuwa la nini. Hapana akasema akilitengeneza mwenyewe atajua. Mzee akasema kulifungamanisha kote huko haiwezekani. Hapana akamwonyesha inavyowezekana. Mzee akasogea kulia, chaki ikateleza kwenye mbao iliyovimba, akajaribu tena, ikateleza.

"Huko hakuandikiki, Profesa. Ndiyo sababu nilianzia kushoto."

Mzee akaitazama ile karatasi ya USIANDIKE HAPA. Akaketi kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakamfika kifuani.

"Ofisi yangu ya kwanza," akasema, "ilikuwa na kabati lililoziba upande wa kushoto wa ubao. Nilianza kuchora pale palipobaki. Shimo lilikula nafasi, mishale ikala nafasi, yule mtu nikawa namsukumia mwisho. Nilipohama ofisi sikumrudisha."

"Hukulijua."

"Ulinidhalilisha mbele ya watu."

"Nilikuja kwako kwanza, Profesa."

"Ulikuja." Akainuka kwa shida, akachukua kifutio. "Basi. Ukuta hakuna. Nilipoteza karatasi nyingi bure."

Alikuwa ameshanyanyua mkono kufuta hoja yake ya kwanza, ile iliyoshindwa, Hapana alipomshika kiwiko. Kumshika mkubwa mkono si adabu, na alilijua hilo.

"Usifute! Hapo hapo. Anayeanza mapema lazima ajue shimo litakuwa la nini. Si ndivyo ulivyosema?"

"Na wewe umesema akilitengeneza mwenyewe anajua."

"Akilitengeneza mwenyewe. Lakini yale ya angani, Profesa? Yaliyomeza nyota na vumbi na kila kilichopita, bila kumuuliza mtu? Nani aliyafungamanisha mapema? Kwa hayo hakuna wa kujiandaa. Kwa hayo Ukuta umesimama!"

Mzee akabaki na kifutio hewani. Akaitazama hoja yake aliyotaka kuifuta kama mtu anayekuta ufunguo kwenye koti alilokwisha kuligawa. Ukuta wake haukuwa ukuta wa dunia nzima. Ulikuwa na mahali pake, unasimama mbele ya mashimo ya maumbile, unaanguka mbele ya shimo lililotengenezwa kwa mkono, na aliyeweza kuonyesha mpaka wake ulipo hakuwa mmoja wao peke yake. Wakachora mpaka mtunza shule alipokuja kufunga madirisha, akawakuta wanabishana kwa sauti za juu, akadhani ni ugomvi, akataka kumwita mkuu.

"Hasira yangu haijaisha," Profesa akasema akivaa kofia.

"Najua."

"Nitaandika barua chuoni. Nitasema kosa lilianzia kwangu." Akafika mlangoni, akageuka. "Mama yako hajambo? Nimepita mtaani kwenu kukuulizia. Kuna mtu amevaa joho anashona mapazia."

Tasnifu mpya ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Ilichukua muda kuiandika na muda zaidi kuipitisha, maana chuo kilichokwisha kukataliwa mara moja hakisahau upesi. Wapo waliosema huyu mwanamke ni mkorofi, angoje. Aligonga milango yao mmoja mmoja. Barua ya Profesa ilisomwa kikaoni, na mtahini wa nje akapeleka ujumbe kwamba mto wake uko tayari.

Siku ilipofika, mlinzi alimzuia Mama Hapana mlangoni.

"Mama, joho huvaliwa na waliohitimu. Hilo si lako."

"Nimelishona mimi. Nimelivaa mvua na jua. Nani mwenye haki nalo zaidi yangu?" Akampita, pindo likifagia sakafu, limekwisha kuchakaa kiwikoni na chaki ya nguo haitoki tena. Akaenda kuketi pale pale nyuma. Profesa, ambaye sasa hakuwa na kiti kwenye jopo, alikuwa kwenye safu hiyo hiyo. Akainuka kidogo kumpisha, wakakaa wamepakana.

Mwenyekiti alikuwa yule yule. Alifungua karatasi yake, akamtazama mtahiniwa juu ya miwani, na watu wote wakaona kwamba anaogopa swali lake mwenyewe.

"Je," akasema, "kuna jambo lolote katika tasnifu hii ambalo mtahiniwa angependa kulibadilisha?"

Hapana alizipitia sura zote kichwani, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alifika kwenye ya nne, iliyo mpya, akasimama hapo muda mrefu, akauzunguka ule Ukuta kutoka kushoto, kutoka kulia, kutoka kabla na kutoka baada, akitafuta mlango kwa nia yote ya mtu aliyekwisha kuubomoa mara moja na yuko tayari kuubomoa tena. Viti vilianza kulia.

"Hapana," akasema.

Na kule nyuma, bila kungoja jopo liseme lolote, mama yake akaanza kufungua vifungo.